Nusu ya Masalu

Nilifika Buswelu kwenye arobaini ya Baba Koku nikiwa na njaa, na sioni aibu kulisema, maana katika nyumba ya mtu yule sikuwahi kuingia nikiwa na hali nyingine. Basi lilinishusha Nyegezi mchana, misa ilikuwa imekwisha, na vijana wa kukodisha viti walikuwa wameanza kuwatazama waombolezaji kwa jicho la kuwaambia inatosha, simameni. Koku alinipokea getini. Huyu nilimwacha akiwa msichana wa chunusi na soksi zisizolingana, sasa ni mwalimu mkuu na anatembea kama shule nzima iko nyuma yake. Aliniambia, "Dada Minza, mama anakuulizia tangu asubuhi. Chakula amekataa. Anasema hali mpaka ufike." Kabla sijamjibu, mzee mmoja mwenye bakora alininyooshea kidole kutoka kwenye turubai na kupaza sauti, "Huyu si yule msichana wa video? Yule mwongo?" Wazee wenzake wakageuka wote, wakaanza kucheka, msibani hapohapo, na mmoja akadai kwa sauti ileile ya zamani iliyowahi kunitoa jasho: "Tafsiri!" Nina wajukuu sasa, nina kisukari, na nimewahi kuwa mjumbe wa bodi ya shule, lakini Mwanza nitabaki kuwa msichana wa video mpaka siku watakayonifukia. Ni haki yao. Mwaka ule niliwadanganya sana.

Jinsi nilivyofika kuishi kwa Baba Koku ni habari ya shangazi na ugomvi wake, nayo haina faida kwa mtu yeyote. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nimemaliza kidato cha nne bila kung'ara, na nilipewa chumba cha uani katika nyumba yao ya zamani kule Ilemela, juu ya vilima vya mawe. Chumba kilikuwa na kuta tatu za matofali, na ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe, jiwe kubwa la Mwanza ambalo hakuna mtu aliyethubutu kulisogeza, basi wakajenga kuanzia pale lilipoishia. Mchana kutwa jiwe lilikula jua, na jioni lilinirudishia lote. Nilitundika gauni langu zuri kwenye ufa wake, na mijusi walilizoea hata wakawa wanapita mikononi mwake. Nililipenda chumba kile. Hata leo nikilala kwenye nyumba yenye kuta nne za kawaida, huwa nahisi kuna upande mmoja haujamaliziwa.

Jioni ya kwanza Mama Koku aliandaa ugali na sato wa mchuzi. Alikuwa Mhaya mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na aliuona ugali kama adhabu aliyopewa kwa kuhamia Mwanza, lakini ndizi zilikuwa ghali wiki hiyo. Sisi wanawake watatu tulikula sinia moja. Baba Koku alipewa sahani yake. Alikuwa mlinzi wa mchana kwenye ghala la pamba, mtu mkimya, mpole, mwenye masikio makubwa. Aliketi mgongo ukiwa ukutani, akaizungushia ile sahani mkono wa kushoto kama anaikinga upepo, halafu kwa ncha ya kidole akachora mstari katikati ya ugali, kutoka juu mpaka chini. Akala upande wa kulia mpaka mstarini, akasimama hapo. Samaki naye alikatwa katikati: upande wa mkia ukaliwa, upande wa kichwa ukasukumwa kushoto. Akanawa, akasema asante mama, akaenda kukaa nje kwenye jiwe. Mimi nilikuwa wa kutoa vyombo. Kwa sheria ya nyumba zote nilizowahi kuishi, kilichobaki kwenye sahani ni cha anayeosha, kwa hiyo niliketi jikoni nikala nusu ile ya ugali na kichwa cha sato, nikafyonza macho, nikamshukuru Mungu kwa baba mwenye nyumba asiye na tumbo.

Ilikuwa hivyo kila siku. Ukiwa ugali, mstari. Ukiwa wali, mstari. Zikija ndizi na maharage, alizihesabu kwa macho na kuzigawa, na ikitokea moja imezidi aliikata. Nyumbani pale palikuwa na maelezo matatu ya jambo hilo. Koku alisema baba yake anamwekea mbwa, ingawa mbwa wao alikuwa amekufa kabla hajaanza shule. Mimi, kwa majivuno ya umri ule, niliamini ananiwekea mimi, kwa sababu nilikuwa mwembamba na kwa sababu, kama nilivyodhani, alinihurumia kwa kipaji changu. Maelezo ya tatu yalikuwa ya Mama Koku, na hayo hayakuwa ya kucheka, ingawa yeye mwenyewe aliyatoa kwa namna ambayo ilikuwa vigumu kujizuia.

"Minza, mwanangu, wewe umesoma," aliniambia siku moja tukichambua dagaa. "Mtu anaondoka hapa kwenda vitani anakula sahani nzima, anailamba, anauliza sufuria iko wapi. Anaimba akioga. Anasimulia mpaka unamwomba alale. Anarudi, haimbi, hasimulii, anakula nusu. Nusu nyingine anamwekea nani?"

"Labda tumbo lilipungua, mama."

"Tumbo! Suruali ni zilezile. Yuko mwanamke huko Masaka. Alipikiwa, akapendwa, akaachwa. Sasa kila jioni ananikalia na huyo mwanamke mezani kwangu, na mimi ndiye ninayempakulia."

"Umewahi kumuuliza?"

"Nimemuuliza mpaka nimechoka. Ananiambia, vita vilikwisha, Mama Koku. Vimekwisha wapi? Vipo hapa kwenye sahani."

Jambo hili lilikuwa limekaa miaka, tangu Koku akiwa mchanga, na pengine lingeendelea kukaa. Lakini Pasaka ya mwaka ule walikwenda Bukoba kwenye harusi ya mdogo wake Mama Koku, na huko Baba Koku akaketishwa mahali pa mkwe, akaletewa chakula cha ukweni, ndizi zilizochaguliwa moja moja na nyama ya kupimiwa heshima. Akachora mstari. Mbele ya mama mkwe, mbele ya mashangazi waliokuwa hawana kazi nyingine siku hiyo isipokuwa kumtazama, akala nusu, akasukuma nusu, akanawa. Mashangazi wa Kihaya wakiona mkwe amebakiza chakula chao hawagombi. Wanamwita binti yao chumbani. Mama Koku alirudi Mwanza akiwa na hukumu yao: mume anayebakiza ukweni ana jiko lingine. Akaanza kufunga vitu kwenye vikapu, taratibu, kikapu kimoja kimoja, bila kelele, na akasema wazi kuwa shule zikifungwa yeye na Koku wanapanda meli ya Bukoba na hawarudi. Baba Koku alisikia. Alichofanya ni kwenda kununua kamba nzuri ya kufungia vikapu, akaiweka mezani, maana kamba aliyokuwa anatumia mkewe ilikuwa imechakaa. Nilimwona Mama Koku akiitazama kamba ile kwa hasira ambayo sijaiona tena kwa mwanamke yeyote. Koku alilia kwangu, kwenye chumba cha jiwe, akisema hataki kwenda Bukoba kuitwa Msukuma. Mimi niliogopa kwa sababu zangu. Nyumba ile ikivunjika, chumba changu na sahani yangu vilikuwa vinakwenda nayo.

Sasa niseme kazi yangu. Karibu na mwalo, pale mitumbwi ilipokuwa inashusha samaki, Bwana Deo alikuwa na banda la video: mabati, mabenchi, jenereta, na televisheni iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mfungwa. Picha za nje zilikuwa zinatafsiriwa papo hapo. Mtafsiri alisimama kando ya kizimba na kipaza sauti, na alikuwa mtu wa lazima, maana wabeba samaki na mama wa dagaa hawakuja kusoma midomo ya Wachina. Mtafsiri wa Deo alikuwa ametoroka na mke wa mtu, nami nikachukua nafasi yake. Sikujua Kichina wala Kihindi, na Kiingereza changu kilitosha kuombea chumvi tu. Haikuwa shida. Mtafsiri aliyejua lugha alikuwa na hasara, alifungwa na maneno ya watu. Mimi nilikuwa huru. Wateja walikuwa na masharti mawili tu: staringi asife, na mtafsiri asinyamaze. Staringi akipigwa risasi, nilisema huyo ni pacha wake.

Bwana Deo mwenyewe alikuwa mtu wa vita sana. Kila mgeni alionyeshwa kovu lililokuwa juu ya jicho lake, kumbukumbu ya vita vya Kagera. Ukimsikiliza mpaka mwisho uligundua kuwa ziwa hakuwahi kulivuka. Ile ndege ya adui ilipokuja kuupiga mji wa Mwanza ikakosa, na mabomu yakaangukia kisiwani yakaua swala wa watu, Deo alikimbia mlio na kujigonga kwenye mlango wa jirani. Hilo ndilo kovu. Lakini alilisimulia vizuri, kila mwaka mlango ukizidi kufanana na Mganda, na watu walimwita Kamanda. Wakati huohuo Baba Koku, aliyekwenda kwa miguu mpaka Kampala, alikuwa anapita mbele ya banda hilo kila jioni akitoka ghalani, na hakuna aliyemwita chochote.

Siku moja Deo alileta mikanda aliyoinunua kwa jumla, yote ya ngumi isipokuwa mmoja usio na jalada. Tukauweka. Ilikuwa picha ya vita, ya zamani mno, nyeusi na nyeupe. Watu wakapiga kelele kuwa televisheni imekufa rangi. Deo akapiga kizimba mateke, rangi haikuja. Lugha yake hatukuijua hata kwa kuikisia. Wazungu walioizungumza walikuwa kama wanatafuna karanga. Askari wawili, mmoja mrefu mwenye masharubu, mmoja mfupi mwenye kofia kubwa, wanatembea kwenye matope. Wanatembea sana. Mizinga inalia, wanalala kifudifudi, wanaamka, wanatembea tena. Katikati ya picha yule mfupi haonekani tena, na hakuna anayeeleza kaenda wapi. Mwishoni yule mrefu anarudi kwao, mama yake anamwekea bakuli la supu, familia nzima inamzunguka mezani na kumsemesha, na yeye anakaa kimya akilitazama bakuli. Anakaa hivyo muda ambao kwa mtafsiri ni miaka. Hali, hajibu. Halafu anainuka, anafunga dirisha, picha imekwisha.

Kwa haki kabisa mkanda ule ungetupwa ziwani. Lakini jenereta ilikuwa inakula mafuta na Deo akaniagiza, "Ipambe." Nikaipamba. Yule mfupi nikasema kaaga, kaenda kuoa. Na pale mezani, ambapo hapakuwa na vita wala mapigano wala hata mlango wa kufunguliwa, nilitafuta maneno ya kujaza kimya kile, na maneno niliyokuwa nayo karibu yalikuwa ya Mama Koku. Nikamfanya yule mama wa kizungu aseme, "Kama huyo mwanamke anapika vizuri, si ungebaki hukohuko?" Banda likaanguka kwa kicheko. Dada wa staringi nikamwambia aseme, "Tumbo limepungua? Suruali si ni zilezile!" Wabeba samaki walipigana makofi mgongoni. Keshoye waliomba irudiwe. Kila nilipoirudia niliongeza, kwa kuwa kila jioni nilikuwa nakula nikisikiliza, na picha iliyostahili kutupwa ikawa picha ya kwanza mjini Mwanza kuonyeshwa wiki nzima bila ngumi hata moja. Mama wa dagaa walikuja na stuli zao. Waliniuliza, "Leo ataongea?" Niliwajibu, "Leo hapana." Walitingisha vichwa wakisema wanaume ndivyo walivyo.

Mama wa dagaa walikuwa pia majirani. Haikuchukua muda mmoja wao akamwambia Mama Koku, kwa nia njema kabisa ya kuona atakavyofanya, kwamba nyumba yake inaonyeshwa kwa Deo saa kumi jioni. Na mbeba samaki mmoja akamwambia Baba Koku hivyohivyo kwenye geti la ghala. Kati ya mume na mke hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ilikuwa wiki ya kufunga shule. Vikapu vilikuwa vimeshasimama mlangoni, vimefungwa kwa ile kamba mpya, maana hasira ni hasira lakini kamba ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, picha imefika nusu, nilipomwona Mama Koku akiingia akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani na hereni. Alikaa benchi la mbele kwa akina mama, akapakata mkoba, akanitazama mimi, siyo televisheni. Muda kidogo mlango ukafunguka tena, mwanga ukaingia, na nikayatambua yale masikio. Baba Koku hakukaa. Alisimama nyuma, mgongo kwenye bati. Midomo yangu ikaendelea kuongea ya matope na mizinga, kwa mazoea tu. Lakini supu ilipowekwa mezani, nikafungua kinywa na hakuna kilichotoka. Mama wa kizungu alikuwa anaongea, dada anaongea, mtoto anamvuta shati, na mimi nimesimama kama nguzo. Watu wakasubiri. Kisha wakaanza, kwanza mmoja, halafu benchi zima: "Tafsiri! Tafsiri!" Deo alinifanyia ishara ya kunikata shingo.

"Wanamwambia kula," ilisema sauti kutoka nyuma.

Watu waligeuka. Baba Koku alikuwa ametoka kwenye bati, amesimama katikati ya mabenchi, akiitazama televisheni kama yuko nayo peke yake.

"Wanamwambia kula, kula, kwa nini huli. Hajibu kwa sababu bakuli lile ni kubwa kwa mtu mmoja. Sisi tulikula wawili kwenye mestini moja, kile kibati cha jeshi. Mimi na Masalu, mgambo wa Magu. Masalu alikuwa na vurugu sana kwenye chakula. Alichora mstari katikati ya ugali kwa kidole. Huku kwako, huku kwangu, ukivuka umevamia nchi. Kila siku. Na kila siku alinigombeza kwamba nimesogeza mpaka."

Watu wakacheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, na Mama Koku akageuka kabisa kwenye benchi, maana tabasamu lile alikuwa hajaliona muda mrefu.

"Siku hiyo tulipata samaki. Tulikuwa hatujaona samaki siku nyingi, na mtu wa huku bila samaki unamjua mwenyewe. Masalu alikuwa mtu wa kichwa. Alichora mpaka, akaweka kichwa upande wake, akaniambia, nakwenda kuchota maji, nikirudi nikute kichwa changu kipo. Nikamaliza upande wangu. Hajarudi. Nikasema ngoja nimtanie huyu. Nikavuka. Nikala ugali wake wote, nikala na kichwa, nikalamba mestini. Nilikuwa nacheka peke yangu, namngoja aje atukane." Alinyamaza, na kwenye televisheni yule mrefu naye alikuwa kimya, na hakuna aliyedai tafsiri. "Wenzetu walirudi na maji. Yeye hawakurudi naye. Dumu lake walikuja nalo."

Alinyoosha mkono kwenye kizimba. "Sasa huyu anaambiwa kula. Atakulaje?"

Yule mrefu aliinuka, akafunga dirisha, mkanda ukaisha. Deo alisahau kuutoa. Nilikuwa nalia na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo banda zima lilinisikia navuta makamasi kwa spika kubwa. Ndipo mbeba samaki mmoja, kijitu chenye haki zake, akasimama kudai: "Lakini samahani mzee. Yule mfupi huyu dada alisema kaenda kuoa. Wiki nzima anatuambia kaenda kuoa!"

Mama Koku alisimama na mkoba wake. "Nyamaza wewe," akamwambia. "Huyo msichana hiyo lugha haijui. Anayeijua ni mume wangu."

Akapita kati ya mabenchi, akamshika Baba Koku kiwiko, wakatoka.

Niliwafuata kwa mbali wakipanda kilima, nikijua kuwa nimefukuzwa nyumba na kazi siku moja. Walipofika kwenye lile jiwe la nje Mama Koku alisimama, akaweka mikono kiunoni, na nikamsikia mpaka nilipokuwa.

"Mawe! Mama yangu! Kwa hiyo miaka yote hii ni mwanaume?"

"Ndiyo, Mama Koku."

"Nimemwonea wivu mwanaume. Tena marehemu. Tena Msukuma!" Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kitenge chake cha kanisani, halafu katikati ya kicheko akawa analia, na Baba Koku alisimama pale hajui amshike wapi. "Ungeniambia, baba. Si ningempakulia sahani yake?"

"Ningekwambiaje? Nilikula chakula cha mtu."

"Na mimi nilikuwa naliwa na mashangazi!"

Sikufukuzwa. Mama Koku aliniambia baadaye kuwa alikuja bandani akiwa amedhamiria kunichapa na kiatu mbele ya watu wote, na kwamba kiatu bado anacho. Vikapu vilifunguliwa. Baba Koku hakuacha kuchora mstari, msomaji asije akadhani picha moja inamrudisha mtu alikotoka. Bafuni hakuimba tena. Lakini sasa wakati wa kula Mama Koku aliuliza habari za mgeni wake. Masalu alipenda nini kingine? Michembe. Basi mwanamke yule wa Kihaya, aliyewahi kusema viazi vikavu ni chakula cha kutupia panya, alijifunza kupika michembe, na habari hizo zikifika Bukoba alikana. Masalu alikuwa na mke? Alikuwa na mchumba, mkali. Alijua kucheza ngoma? Hapo Baba Koku alisimama siku moja, mlinzi wa ghala mwenye masikio yake, akatuonyesha Masalu alivyocheza akiwa na bunduki mgongoni, na Koku akacheka mpaka akapaliwa. Nami nilipotoa vyombo niliambiwa kwa sauti kubwa, "Minza, cha Masalu kipo hapo, kakile kisipoe."

Nimefikiri sana juu ya mwaka ule. Watu husema vita humfanya mtu kuwa mgumu, na pengine wapo waliokuwa wagumu. Mimi niliona wawili tu kwa karibu. Mmoja alijigonga mlangoni akawa Kamanda, na nilimpenda, alinilipa kwa wakati. Mwingine alitoka nyumbani akiwa mtu wa kulamba sufuria, akarudi akiwa na mpaka katikati ya sahani, na mkewe, ambaye hakushika hata manati, alipigana vita hivyo mezani miaka mingi bila kujua adui ni nani. Kuna jambo moja zaidi ambalo lilinichukua muda kulielewa, kwa kuwa nilikuwa na njaa na njaa haichunguzi. Baada ya jioni ile mstari ulianza kusogea. Kidogo kidogo, upande wa kushoto ulikuwa unanenepa. Nilipoondoka Mwanza kwenda kuolewa, Masalu alikuwa anapata zaidi ya nusu, na mimi nilikuwa nimepata mashavu.

Koku alinipeleka chumbani kwa mama yake. Mama Koku alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, nywele nyeupe, hereni zilezile. "Shikamoo mama," nikamwambia, na akaitikia "Marahaba, mwongo wangu," akaanza kulia, nami nikalia, na tulipomaliza akamwagiza Koku alete chakula. Sahani ilikuja moja, kubwa, ugali na sato mzima. Akaivuta mbele yake. Akaizungushia mkono wa kushoto. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Akachora mstari kwenye ugali. "Huku kwangu," akasema. "Huku kwa Masalu." Kisha akaufikiria ule upande wa Masalu, kidole kikiwa kimesimama hewani, akachora na mstari wa pili.

"Na huku kwa yule mvamizi," akasema. "Akamlipe mwenzake huko walipo. Sogea, mwanangu. Unadhani nilikungojea nini? Hawa watu wawili hawajawahi kumaliza chakula."

Nilinawa, nikasogea. Nilianza na kichwa.